Mita Mia Tatu

Tulitoka pamoja baada ya alfajiri, mimi na Msellem,
kutoka Makadara, bega kwa bega,
viatu vyake vyaita, vyangu vyaitikia.
Tukashika Ndia Kuu, tukaizunguka Ngome,
tukaifuata Mama Ngina hadi kivukoni, tukarudi.
Tuliposimama saa yake ikasema: kumi kamili.
Yangu: tisa nukta saba.

Njia moja. Jasho moja. Hata kukohoa tulikohoa pamoja
pale moshi wa jaa ulipotupata.
Mita mia tatu zimekwenda wapi?

"Yako ya kununua barabarani Mwembe Tayari," akacheka,
"yangu imetoka Maskati na risiti yake."

Nikanyamaza. Mimi ni fundi cherehani,
mwaka wa ishirini na tatu huu na futi shingoni,
na najua kipimo chaweza kusema uongo kwa adabu.
Futi niliyorithi kwa fundi Mbwarali
ilikuwa imevutika inchi nzima
kwa jasho la shingo yake, kisha la yangu.
Hakuna aliyelalamika:
futi iliyompima mtu ndiyo iliyokata kitambaa,
kosa likakutana na kosa, wakasalimiana.
Aibu ilikuja siku bwana harusi wa Malindi
alipoleta vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi.
Kanzu ilifagia zulia mpaka kwa kadhi.

Jioni nikafungua simu niuone mstari wa safari.
Lo! Mji wa Kale umenichora mlevi.
Nimepenya kuta mbili,
nimekatiza jikoni kwa Bi Thureya bila hodi,
nikatokea ndani ya tangi lake la maji.
Sishangai. Vichochoro vile,
mbingu yake haizidi upana wa leso,
na hiyo leso imeanikwa.
Setilaiti ione nini?
Penye kona, saa imekata kama mkasi wenye haraka:
yachukua nukta hapa, nukta kule,
yaziunga kwa uzi ulionyooka.
Yapiga bandi. Haishoni.
Na pale Mama Ngina, pasipo ukuta wala kisingizio,
imenipeleka hatua arubaini juu ya bahari.
Soksi zilirudi kavu.

Nikamwomba Msellem nione wake.
Wake haukuingia jikoni kwa mtu.
Ulipita juu ya mapaa, huku na huku, kama paka,
na kila paa lilimwongezea mita.

Hakuyakubali hayo.
Jumapili iliyofuata saa yake ilimwambia tisa nukta tisa nne,
naye tumeshafika, mimi nimeshainama nashika magoti.
Akaanza kuuzunguka mlingoti wa taa.
Mara ya kwanza, ya pili, ya tano,
macho mkononi, bega likikwaruza chuma.
Mwanakombo, aliyekuwa akigeuza mahamri, akaacha kijiko:
"Baba, umepoteza nini?"
"Mita sitini!"
Akatazama chini ya meza yake, akainua ndoo.
"Hapa hazikuangukia."

Mimi saa yangu nimeiacha na uongo wake.
Naipimia yenyewe kwa yenyewe, kama futi ya Mbwarali:
Rajabu njia hii ilinichukua saa nzima na dakika sita,
sasa dakika hamsini na nane,
kuta zilezile, tangi lilelile la Bi Thureya.
Sipeleki karatasi Malindi.

Jana Msellem alikuja dukani, ataka suruali ya arusi ya mpwawe.
Nikamzungushia futi kiunoni, mpya, ngumu, bado yanuka plastiki.
Daftari lasema thelathini na nane, mwaka jana.
Nikapima. Nikapima tena.
"Ngapi?"
"Thelathini na sita."
Akaitazama futi, akanitazama mimi,
akaishika ncha yake kwa vidole viwili
kama mtu aliyeshika mkia wa kitu asichokijua.
"Fundi," akasema, "hii ni sahihi?"