Faili Halionekani

Mashine ameifungua Hokororo, fundi redio wa hapa Mkuti,
kwa elfu kumi na tano na soda.
Hakuvunja kitu. Aliilainisha tu shingo,
ikakubali kadi yoyote, mchezo wowote,
bila kuuliza umeutoa wapi.

Usiku, wateja wakishaondoka
na viti vya plastiki vimepandana,
nafungua kile kiprogramu chake: orodha nyeupe juu ya weusi,
majina kushoto, uzito kulia.
Nakili. Hamisha. Futa.
Mpira wa mwaka juzi, futa.
Mbio za magari, zile za kukwama mzunguko wa tatu, futa.
Mieleka naibadili jina, maana ilikuja imeandikwa tarakimu tupu
kama mfungwa.
Kila kitu kina mahali pake. Kila mahali pana njia,
na njia ukiifuata inafika.

Mchana nampeleka mama ofisi ya ardhi.
Masjala: mafaili ya kaki yamefungwa kamba za katani,
mengine yamebana dirisha lisijifunge.
"Bi Biahawa, faili halionekani.
Njoo Jumatatu."
Mikorosho thelathini na mmoja, aliyoipanda babu kwa jembe la mpini mfupi,
haionekani.
Jirani amekwisha kuchimbia mawe ya mpaka.
Hayo yanaonekana.
Hii ni Jumatatu ya saba tangu mikorosho ichanue.
Mama anaikunja stakabadhi kwenye pindo la kanga,
anapiga fundo, analikaza kwa meno.

Jana nimeipiga picha ile karatasi, mhuri na sahihi,
nikaitia kwenye kadi, katikati ya michezo.
Jina: MIKOROSHO 31.
Kiprogramu kikasita. Kikaandika: aina haijulikani.
Lakini kikaipa namba, kikaipa tarehe,
kikaipima uzito mpaka baiti ya mwisho.
Sijaona ofisi iliyonijibu hivyo.

Asubuhi Chitanda, mia mbili yake imelowa jasho kiganjani,
akashuka na orodha kwa kidole gumba, akasimama hapo.
"Hili jipya? Wanacheza wangapi?"
Wawili, nikamwambia. Mama na karani.
"Pedi ya kwanza anayo nani?"
Karani.
"Na ya pili?"
Ya pili imekatika waya.

Akafikiri, mia mbili ikihama mkono.
"Sasa si umpelekee Hokororo?"