Sifuri ya Kushoto

Ghalani Lumakanda, saa nane usiku.
Nimekalia gunia tupu, kompyuta mapajani,
kikaushio nimekizima na bado kinapumua
joto la mahindi, vumbi la makapi.

Lalamiko limeandikwa kwa bluu nyuma ya risiti:
Nasambu, magunia arobaini. Kilo themanini sizioni.
Walisema mizani. Fundi akaja na mawe yake kutoka Eldoret,
akapima, akala chapati mbili, akasema mizani haina neno.
Wakasema panya.
Panya gani huyo, alaye kilo mbili kila gunia,
hazidishi, hapunguzi?

Nafungua faili ya mipangilio.
Karani Masitsa aliinyoosha kwa mkono wa mtu aliyelelewa na masista,
kila namba tarakimu tatu, zimepangwa kama watoto wa gwaride:

joto 110
feni 240
unyevu 013

Nazifuata baiti kwa baiti, kama achambuaye kunde.
Huku chini herufi ya moja si moja,
ni arobaini na tisa; uipunguzie arobaini na nane
ndipo ikiri kuwa ni moja.
Tatu nayo ina ukaidi huohuo.
Lakini mbele yao, mlangoni, imekaa sifuri.

Mwalimu Khayanga alitufunza, chaki kiganjani:
sifuri ikikaa kushoto si kitu,
ipite kama unavyompita mlevi njiani.
Lugha hii ninayoandikia ni kongwe, imelala karibu na chuma,
haikusoma kwa Khayanga.
Ikikuta sifuri mbele, inakunja gumba zote mbili
na kuhesabu kwa vidole vinane vilivyobaki:
sita, saba, kisha kumi.
Kumi na tatu yake ni kumi na moja yetu.

Basi mahindi ya Nasambu yalikaushwa hadi kumi na moja,
yakalia kama changarawe ndani ya debe,
na kilo zake mbili mbili zikapanda bombani, mvuke,
zikaelekea Turbo
bila risiti.

Ningependa kumlaumu Masitsa na unadhifu wake.
Lakini mstari wa mia mbili na sita ni wangu.
Niliulizwa hapo: namba isomwe kwa msingi gani?
Nikajibu 0, yaani, amua mwenyewe.
Ilikuwa Ijumaa. Gari la mwisho la Kitale lilikuwa linapiga honi.

Nafuta 0. Naandika 10.
Najenga upya, nasubiri. Skrini inasema 13
kama vile haijawahi kusema kingine.

Jogoo wa bawabu anawika mapema mno.
Nimeandika barua mara tatu, nimeifuta mara tatu.
Ya nne inaanza, Mama Nasambu, kosa ni langu,
na baada ya mkato
napiga hesabu, kilo themanini kwa bei ya Machi,
kwa vidole vyangu vyote kumi.