Mita Tatu

Utepe mwekundu sakafuni, hospitali ya Mvumi.
Kiti kisicho na mikono. Saa ya kubonyeza.
"Inuka, nenda, geuka, rudi, keti,"
namwambia mama Sechelela Chilewa,
aliyeanguka mara mbili tangu mavuno ya uwele,
mara moja akiwa amesimama tu.

Anainuka kwa kusukuma mapaja.
Hatua fupi, kama sakafu ina mayai.
Penye kugeuka anayumba;
kiganja changu kiko nyuma ya kiuno chake, hakimgusi.
Sekunde ishirini na tatu.
Naandika: yumo hatarini.

"Kijana, umenipima kichwa kitupu.
Nipe ndoo."
Nacheka. Yeye hacheki.

Nesi Mbeleje analeta ya kunawia, maji nusu.
Mama anasokota kanga iwe ngata, anajitwika,
na shingo inakumbuka
korongo, mchanga, alfajiri ya vumbi.
Anageuka mzima mzima, kama mlango.
Halikumwagika tone.

Saa nilisahau kuibonyeza.

Fomu haina kisanduku cha ndoo.
Namwandikia mkongojo.
Anaupokea kwa mkono wa kushoto;
wa kulia bado uko juu,
umeshika ukingo usiokuwapo.