Senti Tano Ngamani

Goulven, mashua yako nyeupe inang'aa
kama meno ya mtu aliyetoka sasa hivi kwa daktari.
Kila Machi unaipaka nta, unaisugua,
na vumbi la faibaglasi linakuwasha shingoni hadi Pasaka.
Mwaka jana ulitoboa malengelenge sitini na mawili tumboni mwake
(niliyahesabu nikinywa kahawa)
yakatoa jasho lenye harufu ya siki,
ukayaacha yakauke majira mazima ya baridi
chini ya turubai, ukienda kuyajulia hali kama wagonjwa.

Yangu haijawahi kupakwa rangi.
Ni ya kijivu, kama sufuria iliyolisha wengi.
Watalii wanauliza itakwisha kujengwa lini.
Ina miaka thelathini na moja.
Karibu na Ouessant iligonga mwamba usiku,
alumini ikabonyea upana wa sinia, wala haikuvuja.
Nikipitisha kiganja pale, nausikia tena ule mshindo.

Lakini usinionee wivu.
Mwako kuna usingizi; mwangu kila tone la mvua ni ngoma,
alfajiri kuta zinatoka jasho juu ya blanketi,
na bahari haitulii: hutafuta madini mawili iyagombanishe.
Bolti ya chuma cha pua, ikikosa plastiki ya kuiamua,
huacha unga mweupe pembeni
kama mdomo wa mtoto aliyeiba sukari.
Nafunga zinki ziliwe kwa niaba yetu.
Na ile rangi yako ya shaba ya kufukuzia kome,
hata kopo lake tupu lisipande ngazi yangu.

Marehemu Yannig alikuwa na sheria:
sarafu zote kwenye chupa ya haradali, gatini,
kabla unyayo haujagusa sitaha.
Padre alipokuja kubariki, naye alikaguliwa mifuko.
Shaba ikilala ngamani, alisema,
inakula usiku na mchana, kimya, kama deni.

Leo maji yamepwa, mashua imekalia tope,
nimeinua mbao za sakafu,
nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
na chini ya kitanda chake, kwenye kona
ambayo mkono wake peke yake ulikuwa ukifika:
senti tano.
Ya kijani. Imejichimbia kishimo
ikakaa humo kama yai.

Nimecheka hadi tochi ikaanguka.
Mwenye sheria!
Misimu mingapi tumevuka Ghuba ya Biscay
huku kati yetu na vilindi pamebaki unene wa ukucha,
na yeye yuko mlangoni anapekua wageni.

Kesho Herri atakuja na mtambo wa kulehemu,
akate, azibe kwa moto.
Wewe ungepaka gundi, ukapiga msasa, pasijulikane.
Kwangu kovu litabaki,
na nimemwambia asilisawazishe.

Senti nimeitia chupani pamoja na nyingine.
Haya, panda unishikie taa, Goulven.
Ngoja.
Nionyeshe mifuko.