Kona ya Ndekirwa

Simu iliita nikiwa na pini mdomoni,
gauni la mtu limelala mezani, mkono mmoja bado.
"Jumamosi ni zamu ya ukoo wenu kuzibua mfongo.
Baba yako hatunaye. Tumekuandika wewe."
Hakuuliza kama nitaweza.
Aliuliza kama nina jembe.

Sina. Nina cherehani mbili pale Mbuyuni,
nina kodi ya chumba Pasua,
na jina nililolikata kwa mkasi tangu shuleni:
Ndekirwa likawa Neki,
Neki fundi, Neki wa dirisha la buluu.
Lilikuwa jina la mama yake babu. Nililiona
kama gunia la mtu mwingine
lililotuliwa mlangoni kwangu.

Nikapanda Mbokomu na buti za kuazima.
Ukungu ulikaa juu ya migomba bila haraka.
Mlima haukuonekana;
tuliujua kwa baridi ya maji.

Mama Anansia, katibu wa mfongo,
daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni,
aligawa kazi kwa majina, si kwa mita:
"Nyie wawili, kutoka kwa Mleri hadi jiwe la mbuzi.
Wewe, binti, anzia kwenye isale
uishie Kona ya Ndekirwa."

Kona ya nani?

"Kumbe hukuambiwa?
Mfongo ulikwama hapa, kwenye mwamba.
Wanaume wakachoka, wakaifuata mbege.
Yeye na mimba yake akakoka moto juu ya jiwe siku tatu,
akalimwagia maji ya baridi, likapasuka."
"Halikupasuka," akadakia mtu kutoka mtaroni,
"alilizunguka tu. Kona ingetoka wapi?"
Wakabishana. Niliwaacha wakibishana.

Nikachimba. Tope, mizizi, chupa ya soda,
ndala ya mtoto, ya kushoto.
Kufika saa tano viganja vilikuwa vimechunika,
na mwamba huo hapo, nikaupapasa:
upande mmoja laini, upande mmoja umemeguka.
Sikusikia sauti. Hakuna aliyenitokea.
Ila mkono wangu uliitambua ile kona.
Ni kwapa la gauni,
pale kitambaa kinapokataa
na fundi halazimishi, anakiomba kidogo kidogo
mpaka kigeuke chenyewe.
Miaka kumi na moja nashona makwapa
nikidhani nilifundishwa VETA.

Kule juu wakafungua.
Yalitangulia majani makavu, kisha povu,
kisha maji yenyewe, meusi.
Yalipofika pale yakasita,
kama mtu anayepiga hodi nyumba anayoijua,
yakapinda.

Mama Anansia akalamba kidole, akafunua daftari.
"Jina?"
Neki lilishafika kwenye ulimi.
Nikalimeza. Nikataja lile refu, lote,
na la babu, na la ukoo.
Aliandika bila kuinua uso,
kalamu ikashuka ukurasa mzima, ikasimama.
"Haya, Ndekirwa. Mna faini ya zamu tatu.
Elfu kumi na tano. Utalipa lini?"

Nikakaa kwenye majani nikacheka
mpaka machozi yakachanganyika na tope,
na wao wakanitazama tu, wanasubiri pesa.
Mgeni hupewa kiti, hupewa ndizi,
huulizwa habari za safari.
Mgeni hadaiwi.