Neno Moja Dogo

Saa kumi na moja alfajiri, Igombe bado inakohoa gizani.
Mitumbwi inarudi, taa zake zimechoka,
nami nimepiga magoti juu ya gunia tupu
kwa sababu sakafu ya banda ni kokoto,
na Wewe, Bwana, wajua magoti haya si ya msichana.

Naanza vizuri. Jina lako, ufalme wako,
mapenzi yako: hayo nayapita kwa mwendo wa mteremko.
Mkate pia naomba bila haya.
Leo mkate ni sembe kilo mbili, na ada ya Limi.
Kisha nafika kwenye mstari wa deni
na pale, kwenye neno *kama*,
ulimi unanasa, nanga kati ya mawe.

*Kama*. Herufi nne tu.
Mwinjilisti Lutema hulivuka bila hata kuvuta pumzi,
na kanisa zima nyuma yake, vumbi tupu.
Mimi ndilo linaloniangusha.
Wengine huliona mfano; kwangu limegeuka sharti.

Maana chini ya Biblia kuna daftari,
na ndani ya daftari kuna Nyanzobe:
ndoo tatu za dagaa, giza la mwezi wa tano,
elfu sabini na mbili, atalipa giza lijalo.
Magiza manne yamepita.
Hukutana nami bombani, *mwangaluka* yake tamu,
sauti ya mtu asiyedaiwa, kitenge kipya kiunoni.
Kitenge hicho, Bwana, maua yake nimeyahesabu.

Nilijaribu kuruka. Siku tisa niliruka mstari mzima,
nikatua salama upande wa majaribu.
Lakini sala iliyorukwa hunuka,
mithili ya dagaa waliofungwa gunia kabla ya kukauka:
juu fedha, ndani funza.

Jumanne mvua ikaja kutoka upande wa Ukerewe, haikubisha hodi.
Nikakimbilia turubai, nikaokoa chanja mbili.
Daftari nikalisahau dirishani.
Nilipolifungua, wino wote ulikuwa umetembea:
Ng'washi, Mbula, yule kijana wa karabai,
kila mmoja wingu la bluu.
Nikacheka peke yangu. Ee Seba, umeamua kufuta Mwenyewe!
Kisha nikaugeuzia ukurasa kwenye mwanga.
Kumbe kalamu yangu ilikuwa imekandamiza mno.
Pale pa Nyanzobe karatasi ilikuwa na kovu,
nikalisoma kwa kidole, tarakimu moja moja.

Mvua haisamehi kwa niaba ya mtu.

Tangu hapo nasogea neno kwa neno,
mpiga pondo anayepima kina.
Jana nilifika pale pagumu, nikakaa
hadi jua likagusa mawe na yangeyange wakaanza kuniibia.
Sikusikia sauti. Sikuhisi lile joto ambalo wengine hushuhudia.
Nilitazama tu mikono yangu, magamba yamekauka vidoleni,
na bila kuitwa akaja yule mzee wa duka la dawa, Kirumba,
mwaka ule Limi alipolazwa Bugando.
"Nenda," alisema, "utaleta."

Sikuleta.
Alipofariki nilipeleka kuni msibani,
nikala wali wake, nikarudi nyumbani.

Leo nimelivuka.
Sauti ilichechemea, na sijui kama moyo ulikuwa nyuma yake
au ulibaki ng'ambo ukinitazama.
Kesho huenda nikakwama tena; nijue nikikwama.
Lakini jina la Nyanzobe nimelitamka ndani ya mstari,
halikuwa chungu kama jana.
Lilikuwa chungu kama dawa.

Nainuka. Gunia limeniachia michoro magotini.
Huko chini wanashusha, bei bado haijatajwa.
Nikimkuta bombani nitaitika salamu yake
nikimtazama usoni, si kiunoni.
Ndicho nilicho nacho leo, Bwana, ndoo isiyojaa.
Wabeja. Dagaa wanangoja kugeuzwa.