Keria Tupu

Niliondoka Masasi majogoo hawajakubaliana bado,
majabali yamekaa gizani kama wageni waliogoma kuaga.
Miezi minne ya msimu nilisimama nyuma ya mizani
ghalani kwa chama cha msingi, kalamu sikioni,
naandika kilo za watu: themanini na mbili, sabini na tisa,
"Karani, umenipunja,"
sabini na tisa na nusu.
Agosti ghala lina panya na kufuli.
Mjomba Likanda akaniazima Foniksi yake,
breki ya mbele inashika, ya nyuma hukumbuka kushika,
akauliza: "Unapeleka nini?"
"Sipeleki kitu. Natembea tu, mpaka Mikindani."
Akaitazama keria. Akanitazama mimi.
Akaongeza upepo gurudumu la nyuma.

Mlima wa Newala haupandwi kwa ubishi.
Nilikanyaga hadi mnyororo ukaanza kunisema,
nikashuka, nikasukuma.
Kijana wa madumu sita, matatu huku, matatu huku,
akanipita naye akisukuma, jasho likimchirizika kisigino:
"Dada, umebeba nini?"
"Sijabeba."
"Mbona unahema kunishinda?"
Kona nzima alicheka, madumu nayo yakicheka.

Juu, Shimo la Mungu.
Nililaza baiskeli, nikakaa ukingoni.
Chini kule Ruvuma, uzi ulioponyoka cherehani,
ng'ambo yake Msumbiji, moshi wa watu
wanaowaita watoto wao majina yetu.
Upepo ulipanda ule mlima bila kushuka kusukuma.
Usiku, kwa Bi Asina, nililala chali,
mguu mmoja ukiendelea na safari.

Mahuta asubuhi: wanapuliza salfa.
Mikorosho imejipaka poda kama mabibi harusi,
macho yananiwasha, napiga kengele ndani ya ukungu wa manjano,
na sauti isiyo na mtu inauliza:
"Unauza nini?"

Tandahimba, pancha.
Fundi ni binti, Nantende, spoku kinywani.
Nikatafuta kwa macho beseni la maji.
"Maji ya kuogeshea tyubu huku hatuna," akasema,
"dumu moja unajua bei yake?"
Akajaza upepo, akafumba macho,
akaipitisha tyubu taratibu kando ya shavu,
kama mtu anayesikiliza siri ya mtoto.
"Hapa."
Tundu dogo kuliko nukta niliyowahi kuandika.
Kiraka, solusheni, jiwe la kukandamizia, mia tano.
Kisha akaitikisa keria yangu:
"Tupu hivi itakurusharusha. Nyuma panataka kitu."
Akafunga kwa mpira fungu la ming'oko iliyochemshwa.
Nikatoa hela. Akapokea ya kiraka tu.

Kweli, baiskeli ilitulia.
Baada ya Nanyamba barabara inainama,
jicho halioni, goti ndilo linalojua.
Niliacha kukanyaga. Mikorosho ikanipita,
shule ikanipita, mbuzi, bendera, mazishi
(hapo nikashuka, nikatembea hadi mwisho wa msururu),
kisha tena upepo shingoni,
na mahali fulani, Naliendele au mbele yake,
hewa ikawa na ladha.

Mikindani, kwenye mashamba ya chumvi,
mama mmoja alikuwa akikwangua weupe kwa ubao,
magoti ndani ya maji, mgongo kwangu.
Aliisikia breki ya mbele.
"Unauza nini?"
Nikafungua mpira.
"Ming'oko. Lakini siuzi."
Akanawa, akaja na chumvi imejaa kiganja, mbichi, ya kijivu.
Tukakaa kwenye tuta, tunamenya, tunachovya.
Fungu lilikuwa na uzito gani sikumbuki.
Mimi, karani wa mizani mwaka wa tisa.

"Utarudi lini kule juu?" akauliza.
Nikaangalia nilikotoka.
Barabara ile ile iliyonileta imekaa kitako,
inasubiri nianze kusukuma.